Nusa Kabla Hujachomeka Mashine

Nyie mafundi wa leo, mnaotembea na mashine ya kupimia gari ndani ya begi la mgongoni, naanza na ombi moja tu. Gari likiletwa kwenu linakunywa petroli kupita kiasi, likisimama linatoa moshi mweusi, likitakiwa nguvu linachoka, msikimbilie kuchomeka hiyo mashine. Fungua boneti, fungua boksi la chujio la hewa, ingiza pua humo unuse. Najua mtacheka. Chekeni mmalize, kisha mnisikilize, maana kuna mtu hapa Kyela ambaye ningetanguliza pua asingeitwa mwizi, na siku ile ilibaki kidogo sana apotee mbele ya macho yangu.

Mimi ni Asajile. Gereji yangu ilikuwa Kyela mjini, jirani na mashine za kukoboa mpunga. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kufungulia injini. Msimu wa mavuno ukianza, pumba zinaruka mpaka zinaingia kwenye chai, na mimi ni mtu wa chai, kwa hiyo miezi hiyo nilikuwa mkali kuliko kawaida yangu. Siku hizi nimeacha kazi, mgongo umekataa. Nakaa Ndandalo na mikakao yangu, nagombana na kuku.

Habari ya kunusa nilifundishwa na Mzee Lwitiko, aliyenipokea nikiwa kijana kwenye karakana moja ya Mbeya. Yule mzee hakugusa spana kabla hajalizunguka gari lote, pua mbele. Klachi iliyoungua aliijua gari likiwa bado getini. Sisi vijana tulimwita mbwa wa polisi, kwa siri. Siku aliposikia hakukasirika, alisema tu kwamba mbwa wa polisi analishwa nyama kuliko sisi wote.

Enzi zake magari hayakuwa na sensa, hivi vifaa vya kuipimia kompyuta. Malori yalikuwa na chujio la hewa lenye bakuli la oili kwa chini. Hewa inapita juu ya oili, vumbi linanasa humo, injini inapumua safi. Msimu wa vumbi ukifika unamwaga oili chafu unatia mpya, kazi imekwisha. Likumbukeni hilo bakuli, tutarudi kwake.

Magari ya sasa ni habari nyingine. Chujio ni la karatasi, kavu, na nyuma yake, kwenye bomba linalokwenda kwenye injini, kuna sensa ya hewa. Ndani ya sensa kuna uzi mwembamba kama unywele, unapashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta ya gari inapima umeme wa kuurudishia joto lake. Hapo inajua hewa kiasi gani imeingia, kisha inaamua petroli kiasi gani imwagwe. Uzi ule ukichafuka unatoa habari za uongo, na kompyuta inaziamini, kwa sababu haijui kubisha.

Sensa iliyokufa kabisa haina shida. Taa ya injini inawaka, mashine inakuandikia kodi, yaani namba ya kosa, hata fundi mvivu ataiona. Balaa ni sensa nzima inayodanganya. Taa haiwaki, kodi haiandikwi, na gari linaumwa palepale mbele yako huku kila mtu akisema ni zima. Hiyo ndiyo niliyokutana nayo siku ya Bi Rukia.

Ilikuwa asubuhi, katikati ya mavuno. Pikapu yake iliingia gereji, yeye kaketi mbele, dereva wake Ambakisye kashika usukani, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Bi Rukia ni mfanyabiashara wa pale mjini, wazee wake walitoka Lindi. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na msimu ukifika ananunua mpunga wa wakulima wa Ngonga. Biashara ilianzishwa na mumewe, marehemu Mzee Sudi. Huyo Ambakisye aliajiriwa na Mzee Sudi akiwa hana hata ndevu, akaendesha lori lake kuukuu mpaka mzee alipofariki. Baadaye Bi Rukia aliliuza lile lori akanunua pikapu ya petroli, iliyotumika nje. Huo ulikuwa msimu wa kwanza wa mpunga kwa pikapu hiyo.

"Karibu, Bi Rukia," nilimwambia.

"Sikuja kukaa, fundi. Nataka unipimie gari hili, na majibu uyaseme mbele ya huyu." Alimwonyesha Ambakisye kwa kidevu.

"Linaumwa nini?"

"Petroli. Najaza tangi, linakwenda Ngonga na kurudi, njia ileile ya siku zote, naambiwa limekauka. Ama gari bovu, ama mtu mbovu. Kama gari ni zima, ikiadhiniwa alasiri mimi na yeye tuko polisi."

"Mama," Ambakisye alisema, "sijachukua hata tone."

"Wewe nyamaza. Litasema gari."

Sikumlaumu yule mama. Msimu wa mavuno petroli inauzika kuliko soda. Wenye mashine za kupura mpunga wanaitaka, wenye boti kule ziwani wanaitaka, na madereva waliowahi kuinyonya kwa mpira na kuiuza tunawajua kwa majina. Lakini pia nilijua kinachomngoja Ambakisye. Kwetu hapa dereva akishaitwa mwizi wa mafuta, hapewi tena usukani na mtu, hata wa pawatila, lile trekta dogo la mkono. Isitoshe alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili angesimama wapi? Nilimwona ameshika ukingo wa boneti kama mtu anayezuia gari lisiondoke.

Watu walianza kujaa. Wapakuzi wa magunia walitoka kwenye mashine za kukoboa, bodaboda wakasogeza pikipiki zao. Nilichomeka mashine yangu ya kupimia, ndiyo, na mimi nilikuwa nayo, msidhani nilitoka enzi za Nuhu. Watu walinyoosha shingo kutazama kioo. Ikasoma, ikasoma, ikamaliza.

"Inasemaje?" Bi Rukia aliuliza.

"Haijaandika kosa lolote."

Mpakuzi mmoja aliguna, "Aa, kumbe!" Mwingine akadakia, "Yule dereva aliyekamatwa msimu uliopita naye alikataa hivihivi!" Bi Rukia alimgeukia Ambakisye, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa imeumia. "Umesikia mwenyewe? Sudi alikulea kama mwanawe."

Niliwafokea wale watu. Niliwaambia hapa ni gereji, mahakama iko kule, na asiye na gari la kutengenezwa arudi kwenye magunia yake. Walisogea nyuma kidogo, hawakuondoka. Mimi ndiye niliyetoa ile kauli mbele ya watu, na sasa ilikuwa inafanya kazi bila mimi.

Hapa nyie vijana mnakosea kila siku, kwa hiyo nyamazeni nifundishe. Kukosa kodi si kukosa ugonjwa. Mtu anaweza kutetemeka kwa homa na kipimo kikasema hana kitu. Acha kurasa za kodi, nenda kwenye namba zinazotembea, uangalie injini inavuta hewa kiasi gani muda huohuo. Washa, iache isimame, tazama. Kisha kanyaga mafuta, tazama tena. Ukizoea gari za aina moja utajua namba yake ilivyo likiwa na afya, kama mama anavyojua joto la mtoto wake kwa kiganja.

Nilifanya hivyo. Ikiwa imesimama, sensa ilidai hewa nyingi kuliko injini ile inavyoweza kumeza imelala. Nilipokanyaga, namba zilijikokota nyuma, zikawa chini ya ilivyotakiwa. Maana yake, ikisimama inamwagiwa petroli ya bure, na ikitakiwa nguvu inanyimwa. Nikamwambia Bi Rukia kwamba gari linaumwa.

"Namba unazisoma wewe, fundi. Nitajuaje kama humstiri mwenzako? Nyie wote ni wa hukuhuku."

Ilinichoma, sitawaficha. Nimezaliwa na watu wa ukali, na neno lilishafika mdomoni. Lakini nilimwona Ambakisye anavyonitazama nikalimeza. Nikasema, "Basi tusisome namba. Panda gari, tukalipime kwa macho yako."

Tulikwenda kituo cha mafuta, tukajaza mpaka shingoni. Bi Rukia mwenyewe alizungushia mfuniko wa tangi ule utepe mweupe wa kufungia mabomba, kutoka dukani kwake, kisha akatia alama yake juu kwa kalamu. Tukapanda watatu mbele, yeye katikati, tukashika njia ya Ngonga.

Sijawahi kusafiri safari ya kimya namna ile. Mashamba yamekatwa, watu wameanika mpunga kando ya barabara, watoto wanafukuza ndege, na ndani ya gari hakuna aliyekohoa. Tulipofika kwenye lile tuta la kupandia daraja, mbele yetu kulikuwa na pawatila imebeba magunia, inatambaa. Barabara ilikuwa wazi. Ambakisye aliwasha taa ya kulia, akatoka, akakanyaga. Pikapu ikashika, halafu ikaishiwa pumzi. Tuko sawa na pawatila, tuko upande usio wetu, na juu ya daraja likachomoza lori la mchanga.

"Kanyaga!" nilipiga kelele, kama vile hakuwa amekanyaga.

Bi Rukia alishika goti langu na goti la Ambakisye kwa pamoja. Lori lilipiga honi ndefu. Ambakisye hakupiga kelele wala hakufunga macho. Alirudisha gia, akaachia, akarudi nyuma ya pawatila kwa kujipenyeza, na lori likatupita na upepo wake wote. Alisimamisha gari baada ya daraja.

"Linafanya hivi kila siku?" Bi Rukia aliuliza.

"Tangu mavuno yaanze, mama."

"Na hukusema?"

"Nilisema, mama. Nilisema gari halina nguvu. Ukasema natafuta gari jipya."

Alimwashiria aondoe gari. Ngonga tulikaa kwa muda wa kawaida wa kupima magunia, injini ikiunguruma, kwa sababu ikizimwa ikiwa ya moto ilikuwa haiwaki kwa urahisi. Moshi mweusi ulikuwa unatoka kwenye ekzosi mpaka mkulima mmoja akatuomba tusogee, mpunga wake usije ukanuka. Tukarudi. Kituoni Bi Rukia alikagua alama yake, akaubandua utepe kwa mkono wake, na pampu ikaanza kujaza. Ilijaza, ikajaza. Yule binti wa kituo alituangalia kama watu wanaojaza kisima. Bi Rukia alisimama kando ya pampu na mtandio umemshuka mabegani, hakujali.

Tulipofika gereji wale watu walikuwa bado wapo. Bi Rukia alishuka akawaambia kwa sauti, "Dereva wangu hakuiba. Linalokunywa ni gari." Ambakisye alifumba macho. Nikadhani tumemaliza. Nilikosea, kwa sababu yule mama alinigeukia palepale.

"Sasa, fundi. Nani kalifundisha kunywa?"

Nilifungua boksi la chujio. Injini ilikuwa ya moto, jua liko juu, na harufu ilinipiga usoni kabla sijainama. Ilikuwa harufu ya jikoni. Niliinua chujio. Karatasi yake, ambayo inatakiwa iwe kavu na nyeupe, ilikuwa ya rangi ya machungwa, imelowa, pumba zimegandamana juu yake. Nilipaka kidole nikalamba. Mtu wa Kyela hawezi kukosea hapo. Yalikuwa mawese.

Mmeelewa kilichotokea? Asubuhi za baridi mawese yanaganda, yanaziba karatasi. Mchana yakipata joto la injini yanayeyuka, yanavutwa na hewa, yanakwenda kutua kwenye ule uzi mwembamba wa sensa. Uzi umevaa koti la mafuta, nao ndio unaotoa habari. Nilichomoa sensa nikaipeleka juani, na nilimwona Ambakisye anainamisha kichwa hata kabla sijasema.

"Nimeyapaka mimi, mzee," alisema. "Msimu wa mpunga una vumbi. Mafuta yanalishika."

Hapo ukali wangu wote ukamwangukia. Nilimwambia chujio la karatasi halipakwi kitu, si mawese, si oili, hata mate. Nikamuuliza nani kamtuma. Alinyamaza.

"Jibu," Bi Rukia alisema. "Nani kakutuma?"

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Ambakisye, tumeponea chupuchupu kule darajani. Ungetuua watatu, ukaacha na watoto wako yatima. Nani kakwambia upake mafuta gari langu?"

"Mama, nisamehe. Nimeharibu mimi."

"Sijauliza nani kaharibu."

Nilimwona Bi Rukia anabadilika. Mtu anayekataa kujibu swali dogo namna ile, unaanza kufikiri kuna mtu nyuma yake, labda mshindani aliyemlipa. Alinyoosha mkono. "Nipe funguo."

Ambakisye alizitoa mfukoni. Zilikuwa na kile kipande cha ngozi ambacho Mzee Sudi alikuwa akikitumia tangu enzi za lori. Akaziweka kwenye kiganja cha Bi Rukia, akageuka kuondoka. Wale wapakuzi walimpisha njia, na hakuna aliyeguna safari hii.

Na mimi nilikuwa nimesimama na chujio mkononi, na nilikuwa nalijua jibu. Nililijua tangu nilipolamba kidole. Lile lori kuukuu nilikuwa nalihudumia mimi, na lilikuwa na bakuli la oili. Mzee Sudi aliwahi kukwama na vumbi huko mashambani, oili imekwisha, akanunua mawese kwa mama mmoja akayatia kwenye bakuli. Lori likatembea. Tangu siku hiyo alikuwa haamini kitu kingine, kila mavuno ni mawese, na mimi nilikuwa namcheka kwamba lori lake linakula vizuri kuliko mimi. Kwa lori lile halikuwa kosa kubwa. Halikuwa na sensa ya kudanganywa.

Lakini utamwambiaje mjane, mbele ya wapakuzi na bodaboda, kwamba aliyeharibu gari lake ni mumewe aliye kaburini? Kwetu marehemu hasemwi. Ambakisye alijua hivyo. Nilimtazama mgongo wake unavyokwenda, nikaona nikinyamaza na mimi, mtu huyu anatoka getini na harudi. Nilikasirika tena, safari hii sijui nilikuwa namkasirikia nani.

"Bi Rukia," nilisema, "lori la marehemu lilikuwa na bakuli la oili kwenye chujio. Msimu wa mpunga alikuwa..."

Aliinua mkono nisimalize. Alikuwa analitazama lile chujio la rangi ya machungwa. Kisha akaita, "Ambakisye!"

Alisimama, karibu na geti.

"Kile kikombe," Bi Rukia alisema. "Kile kikombe cha bati kilichovunjika mkono."

Ambakisye alirudi hatua kadhaa. "Ndiyo, mama."

Ndipo walipotusimulia, tukaelewa sote. Kila mwanzo wa mavuno, Mzee Sudi alikuwa anakwenda jikoni na kikombe chake kibovu, anasema, "Mke wangu, nipe mawese ya gari." Mkewe anamjazia, anamtania kwamba gari lina wivu na mboga zake. Hakuwahi kuuliza yanakwenda kupakwa wapi. Mzee alipofariki, msimu ukaja, na asubuhi moja Ambakisye akabisha hodi mlango wa jikoni, kikombe kilekile mkononi, akasema, "Mama, naomba mawese ya gari." Bi Rukia alituambia kwamba siku ile alilia ndipo akamjazia. Na mwaka huo, lori limeshauzwa, pikapu imenunuliwa, alikuja tena, naye akamjazia tena mpaka juu.

"Kwa nini hukusema?" alimuuliza.

"Mzee hayupo kujitetea, mama."

Bi Rukia alikaa juu ya tairi kuukuu pale gerejini, yeye anayefuta kiti kabla hajakikalia. Alijifunika mtandio usoni. Tulidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini mabega yalikuwa yanacheka. "Sudi, Sudi," alisema, "hata udongoni hujaacha kunichezea magari." Kisha akainuka akamrudishia Ambakisye funguo, akaukunja mkono wake juu ya funguo, akaushikilia. "Mawese nilitoa mimi kwa mkono wangu. Kama kuna wa kufukuzwa hapa, tutafukuzana sote."

Nilirudi kwenye kazi, kwa sababu mtu mzima akilia mbele yangu sijui pa kuweka mikono. Sasa sikilizeni namna ya kusafisha. Fundi mwenzangu mmoja, jina lake nalistiri, aliwahi kusugua sensa ya namna hii kwa mswaki na petroli. Uzi ukakatika, naye akamwambia mwenye gari kwamba ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Mwingine aliipuliza kwa upepo wa kompresa, ikafa palepale. Msiguse uzi ule na kitu chochote. Tumia ile dawa ya kupuliza ya sensa, ipulizie kwa mbali, mara kadhaa, mafuta yatiririke yenyewe, kisha iache ikauke kabisa kabla hujachomeka umeme. Futa bomba lote la hewa kwa kitambaa safi. Chomoa betri kidogo kompyuta isahau ujinga iliojifunza. Na chujio weka jipya, kavu.

Kavu hata kama unakaa kando ya ziwa. Niliwahi kuitwa Matema, gari la mgeni limezimika baada ya kupita katikati ya wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi. Boksi lilikuwa limejaa mpaka juu. Mgeni amenuna, mimi nachota, na mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni akaniambia, "Fundi, usimwage chini, hiyo mboga!" Chujio lilikuwa limekufa kwa kuzibwa, lakini nyuma yake sensa ilikuwa inang'aa, kwa sababu karatasi kavu inajua kazi yake bila kusaidiwa.

Nilipowasha pikapu ya Bi Rukia, namba zilishuka zikatulia pale zinapotakiwa. Moshi ulipungua, ukaisha. Nilikanyaga mafuta, injini ikaitika bila kusita. Nikiwa bado nimeinama ndani ya boneti, adhana ya alasiri ikasikika kutoka mjini. Ilikuwa ndiyo saa aliyosema watakuwa polisi. Bi Rukia aliniomba maji ya kutawadha, Ambakisye akakimbia kumletea, na wale wapakuzi wakakumbuka kwamba wana magunia.

"Ndaga fijo, tata," Ambakisye aliniambia walipokuwa wanaondoka. Nilimwambia aondoe shukrani zake mbele yangu, anunue machujio ya karatasi.

Miaka imepita sasa. Pikapu bado inakwenda Ngonga, na dereva ni yuleyule. Ila mkewe Ambakisye ndiye aliyenisimulia jambo hili, tulipokutana sokoni. Kila mavuno yakianza, mumewe bado anaamka mapema, anakwenda mlango wa jikoni wa Bi Rukia na kile kikombe cha bati, anasema, "Mama, naomba mawese ya gari." Bi Rukia anamjazia mpaka juu. Ambakisye anakibeba kwa uangalifu kisimwagike, anafika nacho nyumbani, na siku hiyo wanaunga maharage.

Sikumwamini moja kwa moja. Mwezi huu pikapu ilipopita Ndandalo niliisimamisha barabarani, nikamwamuru Ambakisye afungue boneti. Alicheka, akafungua. Nikaingiza pua kwenye boksi. Palikuwa na karatasi kavu na vumbi la Ngonga, basi.